Ukishaandika 7/20, Umeahidi

Wiki hii barua za wachumba na mawifi zitanisamehe, zitakaa kidogo, kwa sababu imeingia moja kutoka Kabwe, kule mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi, na sikuona namna ya kuiacha isubiri. Mwandishi wake ni binti anayeandika majina kwenye maboti na kupaka vibao vya maduka, na muda ukipatikana anachora. Amechora bandari ya Kabwe jioni, maboti yakijiandaa kutoka na taa zake, milima ya Kongo ikionekana kwa mbali ng'ambo ya maji. Mwenye gesti mmoja wa Sumbawanga ameiona picha hiyo, ameipenda, anataka ishirini za kutundika vyumbani. Hapo ndipo binamu yake mwenye duka la stesheneri akampa wazo: picha ipigwe kwa simu, ichapwe kwenye printa ya rangi, kila karatasi iandikwe namba kuanzia 1/100, chini yake yawekwe maneno "litografia, toleo maalumu", na bei ipande mara tano. Binamu ameona mtandaoni kwamba picha za namna hiyo za wasanii wakubwa wa Marekani zinauzwa kwa mamilioni. Binti anauliza: "Dada, kuna ubaya gani?"

Upo, mdogo wangu. Na kwa sababu una kipaji na umeuliza kabla ya kufanya, nataka nikueleze vizuri, maana nikikukataza tu bila kukueleza, mwakani atakuja mwingine na wazo hilohilo limevaa nguo nyingine.

Binamu yako hakudanganya kuhusu mamilioni. Mwaka 1969 Roy Lichtenstein, mmoja wa vinara wa sanaa ya pop huko Marekani, ile sanaa iliyochukua katuni na matangazo ya biashara ikayapandisha kwenye kuta za makumbusho, aliingia katika karakana ya Gemini mjini Los Angeles akatengeneza mfululizo wa picha za marundo ya nyasi shambani. Marundo yenyewe aliyachukua kwa Mfaransa Claude Monet, aliyeyachora tena na tena mwaka 1890 na 1891, jua likichomoza, jua likizama, theluji ikiwa imetanda. Lichtenstein akayajenga upya kwa vitone vikubwa vya rangi, kama vile vya magazeti ya katuni. Kila picha ikachapwa nakala 100, ikatiwa saini na namba. Mwaka 1973, katika karakana hiyohiyo, Mwingereza David Hockney akafanya mfululizo wa hali ya hewa: jua, mvua, theluji, ukungu, upepo na radi, nakala 98 kwa kila moja. Katika ile ya mvua, wino umeachwa uchuruzike kwenye karatasi kama mvua yenyewe.

Sasa tazama kilichofanyika ndani ya karakana, maana hapo ndipo bei ilipozaliwa. Litografia ni chapa ya jiwe. Huchukuliwa bamba zito la mawe ya chokaa, yale bora yakichimbwa Solnhofen, Ujerumani, likasuguliwa mpaka likawa tambarare na safi. Msanii huchora juu yake kwa kalamu yenye mafuta. Kisha jiwe hupakwa gundi ya migunga iliyotiwa tindikali kidogo, likaloweshwa maji, halafu ikapitishwa rola yenye wino. Penye mafuta wino unashika, penye maji wino unakataa. Karatasi inalazwa juu, inapita kwenye mashine ya kukandamiza, picha inatoka. Nakala inayofuata inaanza upya: maji, wino, karatasi, mashine. Ukitaka rangi nne, unahitaji mawe manne au mabamba manne, kila moja limechorwa sehemu yake tu, na yote lazima yakae sawasawa yasipishane hata upana wa unywele. Toleo likiisha, jiwe husuguliwa tena na mchoro hupotea.

Huu ufundi haukubuniwa na matajiri. Alois Senefelder wa Munich, katika miaka ya mwisho ya karne ya 18, alikuwa mwandishi wa tamthilia asiyekuwa na fedha za kumlipa mpiga chapa. Alikuwa anatafuta njia ya bei nafuu ya kuchapa nakala nyingi, akaipata kwenye jiwe. Ndiyo maana chapa ya jiwe ilienea upesi duniani. Hata vitabu vya dini walivyosoma wazee wetu wa pwani, vingi vilichapwa kwa jiwe kule Bombay na kuletwa kwa jahazi. Kwa hiyo, mdogo wangu, jiwe lina uwezo wa kutoa nakala mia tano na zaidi. Halichoki kwenye namba 100. Anayesema "mia tu, basi" ni binadamu, na mnunuzi anapolipa fedha nyingi anailipia kauli ya huyo binadamu sawasawa na anavyoilipia picha.

Sasa, ukiandika 1/100 kwenye karatasi ya printa, huku faili limelala kwenye kompyuta ya binamu yako na kesho kijana wake wa kazi anaweza kubonyeza akatoa nyingine mia, umeahidi kitu usichoweza kukilinda. Hata kama wewe ni mwaminifu, mlango uko wazi.

Na usidhani ni watu wadogo tu wanaoteleza hapo. Salvador Dalí, Mhispania aliyekuwa miongoni mwa wachoraji maarufu kuliko wote wa karne iliyopita, alikuwa anatia saini karatasi tupu, kabla picha haijachapwa juu yake. Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walilisimamisha lori lililobeba karatasi 40,000 za namna hiyo, nyeupe kabisa, saini yake chini. Mpaka leo mwenye chapa ya Dalí ya miaka hiyo akipeleka kuuza, kwanza anatazamwa usoni. Jina kubwa kiasi kile, na bado saini yake haitoshi kumtetea.

Mtu mwenye kioo cha kukuzia atakugundua kwa dakika moja. Picha ya printa ya rangi, ukiisogelea, ni vitone vidogo mno vya samawati, waridi, manjano na nyeusi vilivyomwagwa kila mahali, hata kwenye mstari ambao kwa macho unaonekana mweusi mtupu. Chapa ya mkono haina hivyo. Rangi yake imelala kama rangi. Vitone vya Lichtenstein ni habari nyingine, vile ni vikubwa, vinaonekana ukiwa umesimama, alivipanga mwenyewe kwa makusudi.

Haya, hapo nimesema usifanye nini. Nisikuache njiani.

Kwetu hapa hakuna haja ya jiwe la Ujerumani ili kutengeneza chapa inayoheshimika. Kwenye miaka ya 1970, Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na mtawa wa Kimarekani, Sista Jean Pruitt, iliwapa vijana mabamba ya chuma, tindikali na mashine ya kukandamiza. George Lilanga, Mmakonde kutoka Masasi, aliingia pale kama mlinzi na mchongaji. Akatoka akiwa msanii ambaye mashetani yake ya kuchekesha yanajulikana Ulaya, Marekani na Japani. Robino Ntila na Patrick Imanjama walitengeneza pale chapa za bamba za ustadi mkubwa. Ukibahatika kuishika chapa ya namna hiyo, pitisha kidole taratibu pembeni mwa picha: utasikia ukingo, karatasi imebonyea pale bamba lilipokandamizwa. Printa haiwezi kukupa ukingo huo. Na chini kushoto utaona namba kwa penseli, chini kulia saini.

Lilanga aliugua kisukari miaka yake ya mwisho, na vijana wa karakana yake walikuwa wakimsaidia kazi. Alipofariki mwaka 2005, kazi zenye jina lake zilikuwa zimetapakaa duniani, na wanunuzi wakaanza kuulizana ipi ni ya mkono wake na ipi siyo. Zile alizochapa akatia namba na saini akiwa na nguvu zake zinajieleza zenyewe. Weka hilo akilini, maana nawe una wadogo na binamu watakaokusaidia kazi siku ukipata oda nyingi.

Lakini nataka umjue hasa Mganda mmoja, Fred Mutebi, kwa sababu ufundi wake ndio ninaokupendekezea. Mutebi anachapa kwa ubao, rangi nyingi, ubao mmoja tu. Sikiliza inavyokwenda. Unachukua kipande cha plaiwudi, unachora mandhari yako. Unachonga kwanza zile sehemu unazotaka zibaki na weupe wa karatasi. Unapaka ubao rangi nyepesi kuliko zote, tuseme njano ya jua linalozama, unachapa karatasi zako zote. Ukimaliza, unarudi kwenye ubao uleule na kuchonga kila mahali unapotaka njano ibaki. Unapaka rangi ya pili, samawati ya maji, unachapa juu ya njano, karatasi zote. Unachonga tena pale pa kubaki na samawati. Hivyo hivyo mpaka unafika kwenye rangi ya mwisho, nyeusi ya maboti na milingoti, na kwenye ubao kimebaki kidogo tu cha kushika wino.

Umeona uzuri wake? Ubao umejimaliza. Hata ungetaka, hata mwenye gesti angekuja na gunia la fedha, huwezi kurudi kwenye njano, kwa sababu njano umeshaichonga ikawa vumbi sakafuni. Ukiandika 7/20, ni 20 kweli, na ubao wenyewe ni shahidi wako. Kwa msichana anayeanza, asiye na jina wala wakili, sijui njia nyingine ya kujenga imani ya wanunuzi upesi kama hiyo.

Vifaa vyake unavipata. Plaiwudi iko kwa mafundi seremala wa Namanyere na Sumbawanga, wana vipande wanavyotupa. Za kuchongea, kama huna patasi ndogo, chukua mbavu za mwavuli mbovu: zina umbo la mfereji, ukizinoa ncha kwenye jiwe na kuzitia mpini zinachonga mstari safi. Ukitaka kujifunza kabla ya kuharibu plaiwudi, anza na soli ya ndala kuukuu, inakatika kwa wembe. Wino uwe wa kupigia chapa, unaotumika kwenye viwanda vya uchapaji; agiza kwa watu wanaokwenda Mbeya au Dar. Rangi ya boti usiitumie, itajaza mifereji yote uliyochonga. Mashine ya kukandamiza huna, na huihitaji: laza mgongo wa kijiko cha chuma juu ya karatasi, sugua kwa mzunguko, taratibu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Nyanyua kona moja uchungulie, pasiposhika rudia.

Kuna mambo mawili yanayowashinda wengi. La kwanza ni kulenga: kila karatasi lazima irudi mahali palepale kwa kila rangi. Gundisha kona ya kadibodi ngumu kwenye meza, ubao ukae humo, na karatasi igotee humo kila mara. La pili ni haraka. Wino wa mafuta unakauka polepole, na masika kule kwenu unyevu wa ziwa utauchelewesha zaidi. Usichape rangi ya pili juu ya wino mbichi, utapata tope. Fanya kazi hii kiangazi, tundika karatasi kwenye kamba kama nguo, na zianikwe kivulini mbali na moshi wa dagaa.

Kumbuka pia kwamba chapa inatoka imegeuka, kushoto inakuwa kulia. Wewe unayeandika majina ya maboti utaliona hili haraka kuliko wengine: boti lenye jina ubavuni, jina lichonge kinyumenyume. Na milima ya Kongo, kama hutaki mtu wa Kabwe akucheke, hakikisha inakaa upande wake.

Ukitaka nakala 20, anza na karatasi 26 au 27. Nyingine zitaharibika, hiyo ni kawaida. Zilizoharibika zichane, usizitie namba. Nakala mbili ziweke kando, ziandike "nakala ya msanii", ni zako. Ndivyo inavyofanyika duniani kote, ila zisizidi moja kwa kila kumi. Zilizobaki zitie namba kwa penseli, si kwa peni, maana peni hupauka na penseli hukaa. Na nunua daftari. Namba fulani imeuzwa kwa nani, lini, kwa shilingi ngapi. Rangi ya mwisho ukiimaliza, piga msalaba wa patasi katikati ya ubao na uchape karatasi moja ukiwa na msalaba huo, uibandike kwenye daftari. Mnunuzi akitilia shaka, unafungua ukurasa.

Sasa niseme kidogo kuhusu mandhari yenyewe, maana watu wakianza kuongea namba wanasahau kuchora. Picha yako ya bandari ni nzuri, lakini jioni yenye maboti na jua jekundu imechorwa na kila mtu aliyewahi kukaa karibu na maji. Panda juu, mdogo wangu. Pandisha ile barabara mpaka uwanda wa Ufipa, utazame mashamba. Kuna vile vichuguu vya kilimo cha Wafipa, ambapo nyasi hupinduliwa na kufukiwa chini ya udongo mvua zinapoelekea mwisho, zioze ziwe mbolea, maharage yakapandwa juu, na msimu unaofuata kichuguu kikasambazwa, ukamwagwa ulezi. Shamba zima limejaa vichuguu vya mviringo, vimepangana mpaka upeo wa macho, kila kimoja na kivuli chake. Monet aliyarudia marundo ya nyasi mpaka akayafanya yajulikane duniani. Lichtenstein akaja kuyafuata karibu miaka 80 baadaye. Hivi vya Ufipa nani amevifanyia mfululizo? Asubuhi yenye ukungu. Saa sita, kivuli hakuna. Agosti, moshi wa nyasi zinazochomwa umefunika kila kitu, na ukisogea ukingoni huioni hata Kongo. Ubao mmoja kwa kila saa ya siku. Umbo la kichuguu ni rahisi kuchonga na wewe mkono wako umezoea mistari minene ya vibao, linakufaa.

Neno la sheria. Hakimiliki ya mchoro wako ni yako tangu ulipoumaliza, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Anayenunua picha amenunua karatasi ya kutundika; haki ya kuichapa kwenye fulana au kalenda hakuinunua, mpaka mwandikiane. Kusajili kazi kwa COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Na mambo hayo yanarudi kwako pia: usichukue picha ya ziwa ya mtu mwingine mtandaoni ukaichonga kama ilivyo.

Kuhusu bei, usipandishe mara tano kwa sababu ya namba. Hesabu karatasi, wino, siku ulizokaa umeinama, gawa kwa 20, weka faida unayoweza kuitaja bila kuinamisha macho. Namba 1 na namba 20 ziwe bei moja siku ya kwanza. Zikianza kupungua, unaruhusiwa kupandisha, kwa sababu hapo upungufu ni wa kweli.

Na wachoraji wa Tingatinga je? Nawaona wengine wameshaanza kuniuliza. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora pale Dar es Salaam kwenye miaka ya mwisho ya 1960 kwa rangi za mafuta za dukani juu ya vipande vya hadibodi, akafariki mwaka 1972, na wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wanarudia ndege na chui walewale mpaka leo. Hawakosei lolote. Kila moja imechorwa kwa mkono, hakuna aliyemwambia mnunuzi kwamba zipo 100 tu. Kurudia si dhambi, na kuuza nakala za bei rahisi si aibu.

Kwa hiyo kwa mwenye gesti fanya hivi. Ile picha ya bandari uliyoichora kwa rangi, mchapie kwenye printa ya binamu yako nakala 20 za vyumbani, bila namba, bila neno litografia, nyuma ya kila moja uandike kwamba ni nakala ya printa ya mchoro wako. Binamu apate kazi yake, wewe upate chako. Kisha mwonyeshe chapa za ubao za mandhari nyingine, tofauti kabisa na ile, na umwambie zipo 20 za kuuza dunia nzima, anaweza kuchukua mbili za mapokezi. Akitaka zote 20, kataa kwa heshima: mwachie tano, zilizobaki ziende Mbeya, Dodoma na Dar, watu wengine nao wakujue. Mzigo ukisafiri, viringisha karatasi ndani ya bomba la plastiki la maji, ziba ncha zote mbili, mpe kondakta namba ya simu ya mpokeaji. Na kwa oda ya vyumbani chukua advansi ya nusu kabla hujanunua karatasi hata moja.